Jino la sita la Dani

Leo nimekodolea eksirei ya meno macho mpaka mgonjwa akaanza kuniombea MIMI, daktari wake.

Ni nyanya wa kisiwa cha Takawiri, tunamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Taya limemvimba. Kwa picha naona duara kubwa jeusi.

"Nyathina, mwanangu, ni kansa?"

Nikavuta picha karibu.

Ndani ya duara kuna jino! Zima, limelala.

"Dani, huu ni mfuko wa maji, umezunguka jino lililokwama. Haukai kama kansa, lakini tutaupima."

Dani akajishika taya.

"Nikiwa msichana, desturi yetu Wajaluo ilikuwa tung'olewe meno sita ya chini. Kwangu walipata matano. Wakasema nimelaaniwa."

Akagusa ile picha.

"Niprintie hii. Mmoja wa waliosema nimelaaniwa bado yuko hai."