Fundi wa Mfuko wa Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Fundi, naye aliitika. Tusimlaumu sana kwa hilo, maana ni nani akiitwa kwa heshima hukataa? Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo nyuma ya stendi ya malori, akivaa aproni ya bluu, na jioni alirudi nyumbani nyuzi zimemganda kwenye nywele. Mwanamke wa namna hiyo utamwita nani tena? Ila ukweli ni kwamba kule kiwandani alishona kitu kimoja tu: mfuko wa nyuma wa suruali, upande wa kulia. Wa kushoto ulikuwa wa mwenzake aliyekaa mbele yake. Zipu ilikuwa ya mwingine, mkanda wa mwingine, pindo la mwingine. Suruali ikifika mwisho wa ile laini ya mashine ilipigwa pasi, ikapakiwa kwenye kontena, ikaenda kuvaliwa na watu wa nchi moja kubwa ya ng'ambo, ambao Fundi hakuwahi kumwona hata mmoja wao.

Jirani akija na kitambaa, Fundi alisema amechoka. Akija wa pili, alisema mgongo unamuuma. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye kwenye vyumba viwili vya kupanga, ndiye aliyemkinga. "Mwanangu hashoni vya mtaani," alikuwa akiwaambia watu, kidevu juu. "Yeye anashonea ng'ambo." Basi majirani wakarudi na vitambaa vyao, na heshima ikazidi. Jamani, uongo mwingine hata hausemwi, unakaribishwa tu kiti na kukaa.

Sasa sikilizeni jinsi dunia ilivyoingia kwenye nyumba hiyo. Serikali ilipandisha ushuru wa mitumba, ukapanda kweli kweli. Waziri alisimama bungeni akasema nguo ya kuazima haisitiri matako, sasa tutavaa za kwetu. Wabunge wakapiga meza. Mitumba mingi ilikuwa ikitoka nchi ile ile kubwa inayonunua suruali, lakini siku hiyo nani alikumbuka hilo? Shemeji yake Fundi, mume wa mdogo wake, mwalimu wa historia ambaye mtaani walimwita Umoja wa Mataifa kwa jinsi alivyosuluhisha vita vyote vya dunia akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, alifurahi hadi akanunulia watu soda. Fundi naye alikunywa yake. Alifurahi pia. Za kwetu si ndizo anazoshona?

Haikupita miezi mingi nchi kubwa ikajibu. Haikutuma manowari, haikumtukana mtu. Ilitoa tangazo fupi kwamba nchi hii imeondolewa kwenye kundi la nchi zinazoruhusiwa kuingiza nguo kwake bila kodi. Basi, ni hayo tu. Wenye oda wakazihamishia kwingine. Ijumaa moja mchana msimamizi alizima mashine zote kwa mkupuo, na kwa mara ya kwanza Fundi akasikia sauti ya kiwanda kikiwa kimya. Waliambiwa wakapumzike mpaka watakapoitwa.

Jioni ile alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu, akamkuta uani anasahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Shemeji, hebu nieleze taratibu. Mimi yule mkubwa nimemkosea nini?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Wewe hujamkosea, shemeji. Kule kwao kuna matajiri wa mitumba. Walipoona tunawafungia mlango, wakaenda kulia kwa serikali yao, na serikali yao inataka kura zao. Sasa wakatafuta mahali pa kutuminya. Wakaona suruali."

"Wakaona suruali."

"Ndiyo. Tena si kwa ajili yetu peke yetu. Wanataka majirani zetu waone, wasije wakajaribu. Ukitaka kumwelewa mkubwa, usisikilize hotuba zake za urafiki. Tazama alichokupa, kisha jiulize, akikichukua kesho, nani atalia? Hapo ndipo alipokushika. Kodi ile kutusamehe haikuwa sadaka. Ilikuwa kamba."

"Na siku ile ulipotununulia soda, haya ulikuwa unayajua?"

Mwalimu akajikuna kidevu. "Nilikuwa nayajua. Sikudhani yatatufikia sisi."

"Na usiniambie fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi," alisema Fundi akiinuka. "Nyasi huota tena." Akaenda zake. Haya, mwalimu mzima, na alibaki ameshika daftari la mtoto wa watu bila kujua aliandike nini.

Nyumbani mama yake alikuwa mgonjwa tayari. Tumbo lilimsumbua tangu mwaka uliopita, na daktari, baada ya vipimo vingi, alimvuta Fundi pembeni akamwambia wakae naye nyumbani, wampe dawa ya maumivu, na wampe anachopenda. Daktari akikuambia umpe mgonjwa anachopenda, umeshaelewa. Mdogo wake Fundi ndiye aliyekuwa akija kumwogesha na kumlisha, maana Fundi alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni.

Mama aliposikia kiwanda kimefungwa, hakusema pole. Alicheka kidogo. "Kumbe Mungu ana yake. Sasa una nafasi. Nishonee gauni."

"Gauni, mama?"

"Tangu nizaliwe navaa mitumba. Nguo za watu wa ng'ambo, wengine marehemu. Mimi nina mtoto fundi, na sijawahi kuvaa kitu kilichotoka mkononi mwake. Nikiondoka hivi hivi, watu watasema nini?" Akatoa chini ya mto kitambaa cha zambarau chenye maua madogo meupe, alichokuwa amekinunua alipokuwa bado na nguvu zake.

Fundi alikipokea kwa mikono miwili. Angeweza kusema ukweli pale pale, lakini aliona jinsi mama yake anavyomtazama, akaacha. Aliogopa jambo moja tu, kwamba mama yake ataondoka duniani akijua kwamba alimsifia mtaani mtu asiyejua kazi. "Nitakushonea," akasema.

Akakimbilia kwa Mikasi, rafiki yake, mwanamke mwenzake mkataji wa kitambaa kiwandani, ambaye naye sasa alikuwa nyumbani anahesabu mbao za dari. Wakaazima cherehani ya miguu kwa jirani. Mikasi alijua kukata, tena kwa kichwa, bila kutazama popote. "Mama yako ni mtu wa kawaida, si ndiyo? Basi tumkatie saizi ya kati." Wakamkatia saizi ya kati. Mikono ya gauni iliwashinda, maana suruali haina mikono, wakafumua, wakashona, wakafumua tena, mpaka Mikasi akasema kama ni hivi heri ng'ambo nao wangevaa magauni, tungekuwa tumeshajifunza. Walicheka wote wawili. Hatimaye ikapatikana nguo yenye tundu la kichwa na mikono miwili, na Fundi akaipiga pasi vizuri sana.

Walipomvisha mama, gauni lilimmeza. Shingo iliteleza hadi begani, kiuno kikashuka kwenye mapaja, mikono ikafunika vidole. Mama akajitazama chini muda mrefu. "Hili umemshonea nani, mwanangu?"

Mikasi alitazama mlango.

"Hukunipima?"

"Sikukupima, mama."

"Fundi gani asiyempima mtu?"

Ndipo Fundi na Mikasi walipotazamana na kuelewa kosa lao. Miaka yote kiwandani hakuna aliyewahi kumpima binadamu. Saizi zilikuja zimeshapangwa kutoka ng'ambo, na ile ya kati ilikuwa ya kati kwa watu wa kule, watu walioshiba na wenye afya. Walikata kitambaa cha mama mgonjwa kwa mwili wa mgeni, wala hawakujiuliza.

Fundi akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, mimi si fundi. Mimi nashona mfuko. Mmoja tu."

"Wa mbele?"

"Wa nyuma."

Mama uso ulimbadilika, na si kwa maumivu ya tumbo. "Miaka yote hii mimi nakutangaza," alisema. Aligeukia ukutani, na siku ile hakusema naye tena. Fundi alikaa jikoni akalia, akamlaani waziri, akailaani nchi kubwa, akajilaani mwenyewe zaidi.

Asubuhi mama alimwita. "Njoo unipime."

Akamwinua, akamkalisha ukingoni mwa kitanda, mama akanyanyua mikono kama mtoto anayevuliwa shati. Fundi akazungusha utepe wa kupimia kifuani, kisha kiunoni. Alijua mama amekonda, macho alikuwa nayo. Lakini utepe ulizunguka mara moja na bado mwingi ukabaki mkononi mwake, na vidole vyake vikapita ubavu mmoja mmoja. Akashindwa kusoma namba.

"Usilie juu ya kitambaa," mama alisema. "Kitaingia madoa."

Kuanzia hapo waliishona pamoja ile nguo. Mama alikuwa akishona viraka kwa mkono tangu ujana, kumbe alijua mengi, akaelekeza akiwa amelala: punguza kwapani, usivute uzi, fumua hapo. Walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuyazungumza, ya baba, ya njaa ya zamani, ya mume wa Fundi aliyekwenda kununua vocha na hajarudi hadi leo. Mama alimcheka sana huyo. Nawaambieni, zilikuwa siku njema kuliko zote walizokaa pamoja tangu Fundi awe mtu mzima. Ila gauni likikaa vizuri wiki hii, wiki ijayo linapwaya. Bandu bandu huisha gogo. Fundi alifumua na kushona tena, mpaka likakaa. Lilibaki pindo tu.

Ndipo serikali ikalegea. Ushuru wa mitumba ulishushwa, waziri akasema kumekuwa na mazungumzo yenye manufaa kwa pande zote mbili, na safari hii hakutaja matako ya mtu. Nchi kubwa nayo ikaturudishia msamaha wa kodi. Mwalimu, Umoja wa Mataifa wetu, hakununua soda. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, wameturudisha." Mwenye nguvu mpishe, na sisi tulikuwa tumempisha.

Ujumbe wa kiwanda uliingia jioni hiyo hiyo. Asiyefika Jumatatu, nafasi yake anapewa mwingine. Dawa ya maumivu ilikuwa inakaribia kwisha, na chupa moja haikuwa bei ya mchezo.

"Nenda," mama alisema. "Pindo litangoja."

"Nitamalizia jioni, mama."

Jumatatu alirudi amechoka akalala na nguo zake. Jumanne vile vile. Ng'ambo walikuwa na haraka, oda zilizokwama zilitakiwa zote kwa pamoja, na msimamizi alipita nyuma ya viti akipiga makofi. Simu haziruhusiwi kwenye laini ya mashine, huwekwa kwenye makabati ya langoni. Jumatano, Fundi alipokuwa akishona mifuko, bunda baada ya bunda, mdogo wake alipiga, akapiga, akapiga. Mama alikuwa akimwulizia. Alimwulizia tangu saa ya chai, akatulia, akamwulizia tena mchana, kisha hakumwulizia tena. Jioni Fundi alifungua kabati akaona jinsi alivyopigiwa simu, na hakuhitaji kuambiwa neno na mtu yeyote.

Walimvisha lile gauni. Katika zile siku tatu lilikuwa limeshampwaya tena, kwa hiyo Fundi alilikusanya mgongoni akalibana kwa pini, mahali pasipoonekana. Pindo alilishona pale pale kwa mkono, mama amelala, na alilishona polepole. Wanawake wa mtaani walioingia walisema limependeza, wakauliza limeshonwa wapi, na mdogo wake akawaambia ni dada yake aliyelishona.

Alipotoka nje, mwalimu alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi. Alitaka kusema pole, lakini Fundi alimtangulia.

"Shemeji, wewe unawaelewa wale watu. Yule aliyeamua kuturudisha, alikuwa na haraka gani?"

"Shemeji..."

"Nakuuliza tu. Wametufungia miezi yote ile, hakuna aliyewahimiza. Angechelewa wiki moja. Wiki moja tu. Kwa nini hakuchelewa?"

Mwalimu akaenda kuwapangia watu viti.