Maiti Ambaye Hakufika Nyumbani

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na haikuwa siku ya vita wala ya njaa, ingawa hizo nazo nilizipata. Ilikuwa siku ya filamu. Nilikuwa msichana mdogo, tumerudi Koboko, mji wetu wa mpakani, kutoka ukimbizini, nyumba nyingi bado hazina paa, na tayari mtu mmoja alikuwa ametuletea video. Nilitoka kwenye kibanda chake mbio, sioni ninapokanyaga. Tangu siku hiyo, kila nilikokwenda, na nimekwenda kwingi, nikipita peke yangu barabarani nilikuwa nageuka kutazama nyuma. Nilidhani nasikia mtu anayetembea bila viatu.

Wenye umri wako hucheka nikiwaambia hivi. Wamezoea kuona maiti kwenye simu wakiwa wanakula. Lakini sikiliza jinsi ilivyokuwa.

Mwenye kibanda tulimwita Koplo, kwa kuwa alikuwa koplo katika jeshi la zamani, kama walivyokuwa baba zetu wengi. Kibanda kilikuwa cha udongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, na ndani kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya petroli. Kanda zake zilikuwa chache. Moja ilikuwa ya mzungu aliyekufa, akainuka, akaanza kutembea kurudi kwake. Kiingereza hatukukijua, na jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta hata sauti ya filamu haikusikika. Kwa hiyo Koplo aliizima kabisa, akakaa mbele na kipaza sauti, akatueleza mwenyewe kila kilichotokea. Watafsiri wa namna hiyo wapo mpaka leo, na wa leo hutia mzaha mwingi. Koplo hakutia mzaha. Alisema taratibu, kwa Kiswahili chetu cha kambi za askari, na kipaza sauti kilifanya sauti yake itoke kama ndani ya mtungi.

"Hii mutu jina yake Taban," alisema. "Yeye nakufa kwa mto, lakini hapana jua kama nakufa. Nafikiri iko nalala tu. Sasa nasimama. Nakwenda nyumbani."

Jina la Taban kwetu lina watu wengi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Rafiki yangu Hawa, niliyekaa naye benchi moja, baba yake pia alikuwa Taban. Aliondoka na wanajeshi wenzake wakati watu wanatawanyika, na hakurudi. Hawa alimpenda yule maiti kwa ajili ya jina. Mimi nilimwogopa.

Palikuwa na mahali ambapo maiti anakaa ukingoni mwa mto na kututazama. Uso wake ni wa kijivu, nywele zina matope, miguu mitupu. Hapo Koplo alikuwa anapaza sauti.

"Mimi iko hapa ng'ambo ya mto Kaya," maiti alisema kwa mdomo wa Koplo. "Hapa kwa mawe makubwa. Rafiki yangu nafunika mimi na udongo kidogo, maana risasi iko nakuja. Viatu yangu iko na yeye. Mimi hapana kasirika. Lakini nani nakwenda sema kwa nyumba yangu?"

Kibandani hakuna aliyecheka wala kukohoa. Kisha maiti anainuka, anashika njia, unaiona nyumba yake kwa mbali na taa dirishani, na hapo hapo Koplo anazima mashine.

"Mafuta nakwisha. Watoto, kwenda nyumbani."

Mafuta yalikwisha mahali hapo hapo kila alipoiweka ile kanda. Hatukujiuliza kwa nini. Mtoto huuliza mambo mengi, lakini akiwa na hofu haulizi.

Siku ninayokuambia, maiti aliposema neno lile la viatu, nilitoka mbio. Mlangoni alikuwa amekaa Mama Hawa, mama wa rafiki yangu, akiuza karanga za kukaanga. Alinidaka mkono.

"Nini nakimbiza wewe?"

"Maiti."

"Leo nasema nini?"

"Nasema iko ng'ambo ya mto."

"Imefika nyumbani?"

"Bado, mama."

"Bado," akasema yeye pia, akanijazia karanga kiganjani na kuniachia. Na alikuwa akituuliza hivyo kila mara, mimi na watoto wengine: maiti amefika? Sisi tulidhani anapenda hadithi lakini hawezi kuacha biashara yake aingie ndani.

Shule niliiacha mapema. Nilikuwa na maswali ambayo mwalimu hakuyataka, na barabara ilinivuta. Nimeuza chumvi Ariwara, nimepika chai Yei, nimebeba nguo za mitumba mpaka Juba na kurudi. Kila nilipofika niliuliza watu hii inatengenezwaje, yule ametoka wapi, huu ni mti gani. Kitu kimoja tu sikukiuliza mtu, na ndicho kilichonifuata nyuma.

Mwaka huu nilikuwa Omugo siku ya soko, nimetandaza nguo zangu karibu na meza ya fundi wa simu, kijana wa Sudan Kusini anayeishi kambi ya wakimbizi. Yeye na wenzake walikuwa wanatazama kitu na kucheka mpaka wanashikana mabega.

"Mama Nguo, kuja ona hii mzee imekufa," akaniita.

Nikainama. Ulikuwa uso ule ule wa kijivu.

Mwanangu, ilikuwa filamu ya kuchekesha. Muziki wake ni wa harusi harusi hivi, wa kurukaruka. Maiti anapita sokoni, sikio linadondoka, mbwa analichukua, yeye anamwomba mbwa radhi. Viatu vyake vimepotea kwa sababu wachimba kaburi wamevigombania na kila mmoja amebaki na kimoja. Fundi alinitafsiria, akaniambia na jina la yule mtu, jina la kizungu. Taban hakuwemo. Nikaanza kucheka nami, nikijicheka, mwanamke mzima niliyekimbizwa na kichekesho miaka yote hii.

Kisha maiti akakaa ukingoni mwa mto na kututazama.

Akatoa samaki ndani ya shati. Samaki akamkonyeza. Vijana wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa natazama mdomo.

"Rudisha nyuma," nikamwambia fundi. "Hapa anasema nini?"

"Hapana sema kitu, mama. Ni samaki tu."

Akarudisha, nikatazama tena. Mdomo ulikuwa umefungwa. Ulifungwa tangu alipokaa mpaka alipoinuka, na jua la mchana lilikuwa kichwani, soko limejaa, wanawake wanabishana bei ya dagaa, nami nikageuka kutazama nyuma. Maana maneno yale niliyasikia. Mawe makubwa, udongo kidogo, nani atakwenda kusema. Nimeyabeba tangu utotoni kwa sauti yake, na mwenye mdomo hakuwahi kuufungua.

Filamu ikaendelea kupita pale mafuta yalipokuwa yanakwisha. Maiti akafika nyumbani, mkewe akamwekea supu, jicho likaanguka bakulini. Vijana walifurahi sana. Mimi nilikunja nguo zangu kabla ya soko kwisha.

Hofu ile ya zamani ilikuwa imegeuka kuwa swali: Koplo aliyatoa wapi maneno yale? Hawa sasa anaishi Arua, na tulipoonana mara ya mwisho alinililia juu ya mama yake. Miguu imevimba, hawezi kuchota maji, yuko peke yake Koboko, na hataki kuhamia Arua akatunzwe. Kila wakimfuata anajibu, "Nani nafungulia Taban mlango?" Hajawahi kuolewa tena, hajawahi kuweka matanga. Hawa alisema, "Dada, mama atakufa ndani ya nyumba ile anangoja mutu." Nikawaza maneno hayo njia nzima, na sikwenda kwa Mama Hawa. Nilikwenda kwanza Dranya, alikostaafia Koplo.

Nilimkuta uani anamenya muhogo. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini sauti ni ile ile.

"Koplo, nimeona filamu."

"Filamu gani?"

"Ya Taban."

Kisu kikasimama. "Hiyo sasa iko kwa simu?"

"Iko kwa simu, na sauti yake."

"Pale kwa mto nasema nini?"

"Hasemi kitu. Ana samaki."

Akamenya kidogo. "Najua. Mimi najua toka zamani hiyo iko filamu ya kucheka. Kwa boksi yake kulikuwa picha, mutu nacheka meno yote." Akatupa ganda kwa kuku. "Mimi narudi Koboko na viatu ya Taban kwa miguu yangu. Nafika kwa mlango ya Mama Hawa, naona yeye nafagia, miguu nakataa. Narudi. Kesho pia narudi. Kwa kibanda ilikuwa rahisi. Giza iko, watu iko, mimi hapana ona uso yake. Nasema kwa nguvu, yeye iko pale nje, nasikia."

"Kama alisikia, mbona hakulia? Mbona hakuweka matanga?"

"Hiyo swali mimi iko nalala nayo, mutoto yangu."

Nikamwambia ainuke, twende. Alikataa. Nikamwambia miguu ya Mama Hawa imevimba na mwanawe anamlilia. Akaweka kisu chini, akauliza, "Mimi nakwenda sema nini?"

"Yale yale ya mtoni."

"Sina kipaza sauti," alisema, na hakuwa anatania.

Tulipanda bodaboda, yeye katikati kama mgonjwa. Tulipofika Koboko alishuka mbali na nyumba, akataka tutembee. Mlango wa Mama Hawa ulikuwa wazi, mwenyewe amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Alitutazama tunavyokuja. Koplo akavua viatu nje, akaingia, akakaa chini kwenye udongo, si kwenye mkeka. Mama Hawa akamsukumia kikombe cha maji. Koplo akakirudisha.

Kwetu hapo hakuna tena la kueleza. Anayeleta habari ya kifo huja kwa miguu yake, hukaa chini, na hanywi maji kabla hajaisema. Mama Hawa akavuta mtandio mpaka kwenye paji la uso, akangoja.

"Mama Hawa," alisema Koplo. "Taban nakufa. Ng'ambo ya Kaya. Mimi nazika yeye na mikono yangu, navaa viatu yake. Nakuja sema."

Yalikuwa machache kuliko yale ya filamu. Mama Hawa hakulia mara moja.

"Nasikia," alisema. "Hata siku ya kwanza nasikia, wewe iko ndani na mashine, mimi iko nje na karanga."

"Sasa kama nasikia..."

"Mimi naita watu kwa matanga, wao nauliza nani naleta habari. Mimi nasema nini, Koplo? Nasema video?"

Koplo akafunika uso. Mabega yakamtikisika, sikujua analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

"Kila siku nauliza watoto, imefika?" Mama Hawa akasema. "Wao nasema bado. Wewe nyumba yangu najua. Mimi nangojea wewe."

Kisha akalia, na majirani wakaanza kuingia.

Matanga yaliwekwa. Shehe alisema eda yake ilikwisha zamani, lakini yeye alikaa ndani siku kadhaa hata hivyo, kwa kutaka mwenyewe. Wakristo wa jirani walileta kuni na maharage. Koplo aliwachukua vijana mpaka ng'ambo ya Kaya. Mahali pale pamelimwa mihogo na mawe hayapo tena, basi wakasoma dua pembeni mwa shamba la watu. Baada ya hapo Mama Hawa alifunga mlango wake, akampa jirani ufunguo, akaenda Arua kwa mwanawe. Amekuwa mgumu kule kama alivyokuwa huku, anamgombeza Hawa juu ya chumvi, lakini miguu inatazamwa.

Nami nimeitazama ile filamu tena. Nacheka penye mbwa. Pale mtoni sicheki, kwa sababu mdomo bado umefungwa na mimi bado namsikia.

Basi haya ndiyo ninayotaka uyashike, mwanangu. Ukikabidhiwa habari nzito ya mtu, ipeleke kwa mwenyewe, uso kwa uso, ingawa mwili wako wote utakataa. Usiipitishe kwenye mzaha, usiitume kwa simu, usiiseme hadharani ukitumaini atakuwa amepita karibu. Huenda akasikia, lakini kusikia hakutoshi. Anahitaji mtu wa kumtaja akiulizwa nani ameleta habari. Na mkubwa akikuuliza jambo lile lile mara nyingi, hata likiwa la kitoto, usimjibu tu. Kaa naye umuulize anatafuta nini. Mimi niliulizwa mlangoni pale na sikujua kuuliza, na udadisi wangu wote wa baadaye haukunifundisha zaidi ya hilo.

Mungu akulinde uendako, na wapendwa wako wawe mahali unapopajua. Akupe watu wa kukuambia kweli wakiwa mbele yako. Na siku utakapotumwa wewe, akufungue ulimi, na nyumba utakayoiingia aipe subira. Amina.