Mama wa Laini

Nafundisha Kiingereza huku Kapkatet, na kuna neno moja limenichosha: line. Watoto wanalijua kabla sijalifundisha. Ni mstari wa daftari, ni foleni ya uji, ni kamba ya kuanika nguo, ni laini ya simu. Kamusi inasema lilianza kama uzi wa kitani, mmea ambao sijawahi kuuona. Haya, tuseme ni hivyo. Kwetu sisi laini ilikuwa nyumba.

Nilizaliwa laini, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu katikati ya mashamba ya chai, Kericho. Asubuhi nyapara alimpa mama laini nyingine, safu yake ya kuchuma. Mama alilaza ufito juu ya michai, akachuma tu majani yaliyochomoza juu yake, na nyuma yake chai ilibaki sawa kama meza. Hakuna aliyemsifu. Ilikuwa kazi tu.

Halafu mashine zikaja. Wachumaji wakaambiwa hawahitajiki tena, na asiye na kazi hana nyumba. Nilimpigia mama simu nikamuuliza ataenda wapi. Kwao Chebunyo ndugu zake walishagawana shamba zamani, na baba, Mungu amlaze pema, hakuwahi kumpeleka kwa ukoo wake. Nikamleta kwangu, kwenye nyumba ya kupanga. Alikuja na godoro, sufuria na kuku. Hakulia. Hata mimi sikulia. Nilikuwa kama mdomo uliodungwa sindano kabla ya kung'olewa jino.

Jumapili mchungaji akaomba wageni wasimame. Mama akasimama, akapigiwa makofi, akakaa. Jumapili iliyofuata akasimama tena. Nikadhani hajaelewa. Miezi ikapita na bado anasimama, mpaka akina mama wakaanza kucheka chini chini, na mimi, jamani, nikaona aibu. Siku hiyo nikamvuta sketi.

"Mama, kaa. Wewe si mgeni hapa."

Hakunitazama.

"Basi niambie mimi ni wa wapi, nikae."

Kanisa lote lilikuwa linangoja. Nikaachilia sketi. Mchungaji akasema tumkaribishe mgeni wetu, na mimi nikapiga makofi pamoja na wengine.