Tulioambiwa Tujikaze

Kabla ya ile homa nilikuwa mwalimu wa darasa la pili hapa Sepuka, na jioni nilikuwa nalima alizeti. Homa iliisha, lakini mwili haukurudi. Nikifua nguo leo, kesho hata kijiko kilinishinda. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashine za kukamua mafuta zinafunguliwa kila kona, kila mtu anahangaika kujiinua, na mimi nimelala mchana kweupe. Wifi yangu alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kufika kwa jirani, "Mwalimu bado amechoka tu?"

Hospitalini mjini walinipima malaria, sukari, damu. Hawakuona kitu. Wakasema ni mawazo.

Kwenye benchi la kusubiria nilikutana na fundi cherehani wa kijiji cha Mkiwa, mdogo kwangu, anaumwa kama mimi. "Dada," aliniambia, "nilidhani niko peke yangu." Tulilia, tukacheka.

Kisha akaja daktari mtafiti kutoka Dar es Salaam. Alitukusanya wagonjwa wa namna yetu, akatuuliza kama waume zetu wanatupiga, kama tumefiwa. Hakuuliza tunakuwaje baada ya kufua. Tiba yake ilikuwa mazoezi: kila siku tutembee na kulima zaidi kuliko jana, hata mwili ukigoma. Mimi nilikataa. Mwenzangu alitaka sana kupona, akakubali. Alijilazimisha mpaka akaanguka barabarani. Tangu hapo hakuinuka tena. Mwanga ulimuumiza macho, na mama mkwe wake akawa anamnywesha uji.

Baadaye tuliitwa ukumbini kusikia matokeo. Daktari alisema waliomaliza mazoezi wamepata nafuu. Nilisimama, nimeshikilia kiti cha mbele.

"Daktari, yule fundi wa Mkiwa umemweka wapi?"

"Yule aliacha mwenyewe, mama. Hatukumhesabu."

"Hakuacha. Hawezi kuinuka. Mazoezi yako ndiyo yamemlaza."

"Naelewa uchungu wako," alijibu kwa upole. "Lakini hasira hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa."

Watu walicheka. Wakampigia makofi, soda zikagawiwa. Maneno yangu yale machache yalinilaza kitandani siku nyingi.

Tangu siku ile, kila nilipokwenda kutibiwa nilijibiwa kwa utafiti ule: jikaze, mama. Shuleni nikaachishwa kazi, wakasema mtoro. Mume wa mwenzangu akaoa mke mwingine. Nilipokwenda kumwona, cherehani yake ilikuwa inalia chumba cha pili. Alinishika mkono, akaninong'oneza, "Anaharibu vitambaa vya watu, dada. Sikia anavyokanyaga."

Daktari yule, nasikia, sasa anafundisha wenzake namna ya kututibu.