Kalenda ya Thailand kwenye Kabati la Mume Wangu

Kwa heshima zote, nawatangazia wafuasi wa ukurasa huu kwamba kalenda moja ya ukutani, yenye picha ya maua na maandishi yaliyojikunja kama tambi, imehama jikoni kwetu na sasa inaishi ndani ya mlango wa kabati la mume wangu. Hakuna aliyefariki. Lakini ndoa zimevunjika kwa madogo kuliko hayo, kwa hiyo naomba mnisikilize.

Admin, nifiche jina. Nina miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Uvira, naishi Jordbro, kusini mwa Stockholm, na napakia masanduku kwenye ghala hapahapa mtaani. Mume wangu, nimwite Baba Espé, ni fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja huko Kista. Binti yetu Espé ana miaka kumi na tano. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, kama karani anayetaka niondoke dirishani. Shule sikusoma sana, ila macho yangu yana diploma.

Kalenda ilikuja kwa posta kutoka Thailand. Baba Espé akazungushia tarehe kalamu nyekundu. Nikachukua simu nikazitafuta moja moja. Siku tatu za Aprili: mwaka mpya wao, watu wanamwagiana maji barabarani. Agosti kumi na mbili: siku ya akina mama. Desemba tano: sikukuu ya taifa, tena siku ya akina baba. Halafu mistari miwili mirefu, mmoja toka katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, mwingine Oktoba. Likizo za shule.

Sasa niambieni, likizo za shule za Thailand zinamhusu nini mtu wa Jordbro? Binti yake mwenyewe akifunga shule wiki moja ya Februari, kila mwaka ananipigia kazini kuuliza kwa nini mtoto yuko nyumbani.

Nilimuuliza mara moja tu. "Hizi duara ni za nini?"

"Kazi," akasema, macho kwenye sahani.

Wiki hiyohiyo ndipo kalenda ilipohamia kabatini.

Nikaanza kuchunguza. Kila siku yenye duara aliamka alfajiri, akajifungia jikoni na kompyuta. Siku ya akina mama nilichungulia: juu shati limepigwa pasi, chini suruali ya kulalia. Sauti ya mwanamke ikacheka. Mume wangu akamuuliza kwa Kiingereza chake cha upole, ambacho mimi sijawahi kuongeleshwa, "Shule imefungwa? Watoto wote wameondoka? Sawa, basi tunaweza kuanza." Nikabaki kwenye korido na kandambili mkononi. Waanze nini ambacho watoto hawatakiwi kukiona?

Desemba tano mwanamke yule akamtumia picha. Watoto wamejipanga, wote fulana za njano, na maneno ya heri ya siku ya baba. Baba Espé akaoga, akaacha simu mezani. Nikaikuza ile picha, nikakagua pua moja baada ya nyingine nikitafuta ya kwao. Watoto kama arobaini. Wawili walinitia wasiwasi.

Nikampelekea habari Mama Furaha, tunayefanya naye kazi ghalani. Hakushangaa hata kidogo.

"Mama Espé, hapa Sweden mwanaume akianza na Thailand, mwisho wake unaujua. Na mwanaume akijua siku ya akina mama ya nchi nyingine, jua kuna mama."

"Pengine ni kazi kweli."

"Endelea kulala, dada. Ukiamka utakuta umeshakuwa mama wa kambo."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Wanaoishi Stockholm wanajua: nyumba ya kupanga haipatikani hivihivi, unakaa kwenye foleni ya nyumba, kila siku inahesabiwa, na ukisaini mkataba hesabu yako inarudi sifuri. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne kwenye foleni hiyo. Tulikuwa tunaitunza ili tupate vyumba vinne, maana Espé analala sebuleni. Likatokea tangazo la chumba kimoja na jiko, Fisksätra, mashariki mwa jiji. Sikumwambia mtu. Nilisaini siku ya Alhamisi.

Jumamosi, baba yake akiwa dukani, nikamuuliza Espé kama anajua kwamba ana ndugu Thailand. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akanijibu Kiswahili.

"Mama, Papa ana shule huko. Shule tisa. Ofisi yao ndiyo inatunza kompyuta zao. Watoto wakiwa darasani hawezi kuzizima, anangoja wafunge. Yule mama ni sekretari wa shule."

"Na kalenda kuificha?"

"Si wewe ulitundika ya kanisa juu yake? Na hayo yote alitueleza hapa mezani. Ulikuwa kwenye simu na Mama Furaha."

Nilipiga simu kwa wenye nyumba kuomba mkataba ufutwe. Wakanijibu kwa adabu kwamba naweza kuhama baada ya miezi mitatu, lakini miaka hairudi. Funguo nakabidhiwa tarehe mosi. Baba Espé hajui lolote. Jumapili iliyopita alisimama nje ya kanisa akiwaambia watu, "Mke wangu ana foleni ndefu kuliko ya mzungu, mwaka huu tunahamia vyumba vinne," na mkono wake uko begani kwangu.

Ndugu zangu, nianzie wapi kumwambia? Msinishauri niombe msamaha, hilo nalijua. Nataka sentensi ya kwanza.

Leo asubuhi nimejiandikisha upya kwenye foleni. Nina siku moja.