Majina Aliyokuwa Nayo Phelesia

Phelesia hakuwa na sauti nzuri, na atakayekuambia alikuwa nayo hajawahi kumsikia. Ilikuwa sauti kavu, ya kukwaruza. Kilichowavuta watu ni kwamba aliwajua. Sisi ni bendi ya benga kutoka Rongo, na kwenye benga mtu haji kucheza tu. Anataka jina lake litajwe katikati ya wimbo, yeye na mamake na kwao, watu wageuke wamtazame. Sifa hizo tunaziita pakruok. Phelesia aliweza kuwasifu watu mia mbili kwa siku bila karatasi.

Majina aliyakusanya sokoni Kosele, alikouza viazi vitamu. Ukinunua fungu moja anakuuliza umeolewa wapi, nyanya yako alitoka wapi, nyumbani nani mgonjwa. Wengine walimwona mmbea. Mimi nilijua yuko kazini.

Mimi ni Cephas, mpiga gitaa wake kwa miaka thelathini na minne. Nimesimama kushoto kwake tangu nikiwa na nywele. Mumewe alipofariki watu walisema mengi juu yetu, na sikuwahi kuyakanusha kwa sababu yalinipendeza. Lakini hakukuwa na lolote ila muziki.

Mwaka juzi mambo yakaanza kwenda kombo. Kwenye harusi Asumbi alimwita bibi harusi kwa jina la mamake, watu wakacheka, yakaisha. Kisha hapa Rongo, kwenye sherehe ya mtoto wa watu kumaliza chuo, akamsifu Maroa na kumwomba asimame tumwone. Maroa tulikuwa tumemzika Aprili, na Phelesia mwenyewe ndiye aliyeimba matangani. Mjane wake, Edith, aliinuka akatoka hemani bila kumtazama mtu. Niliona aibu hadi vidole vikakosa nyuzi.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, nao ukishaanza hauna kurudi nyuma. Willis, anayepiga besi na ndiye kiongozi wetu siku hizi, hakuzunguka.

"Mzee, wacha mama apumzike," aliniambia. "Akiita tena mtu amekufa, siku moja tutapigwa na mawe."

"Mpe tamasha moja tu," nikamwomba. "Ile ya Homa Bay. Akikosea, mimi mwenyewe nitamrudisha nyumbani."

Sikuwa namwonea huruma ya bure. Nilishamwona siku ambazo hatuna kazi, amekaa mlangoni kwake akijitajia majina kwa vidole, akifika kidole cha nne anakwama na kuanza upya. Bila jukwaa angekwisha upesi.

Wiki tatu nzima, kila siku ya soko, nilikaa kando ya viazi vyake nikimfundisha. Mimi, ambaye majina yote hayo niliyasikia kwake! Siku nyingine alinikaripia mbele ya wateja.

"Usiniulize kama mtoto wa nasari! Hiyo majina ni mimi nilikupatia, yawa!"

Iliniuma, nikaendelea kumuuliza.

Homa Bay tulipanda jukwaani saa tisa alasiri, jua kali, watu wamejifunika leso na maboksi. Nilisimama karibu naye kuliko kawaida, tayari kumnong'onezea. Hakunihitaji. Alimwita Priscilla na watu wa kwao, akawaita Jared na shemeji zake wote watatu, mmoja baada ya mwingine, wala hakumkosea yeyote. Walioitwa waliruka kwa furaha. Willis akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo akainua mkono. Kwetu mkono huo ukiinuka ngoma na besi hunyamaza, hubaki gitaa langu peke yake, na mwimbaji huwakumbuka waliotangulia. Alimtaja Maroa, safari hii mahali pake. Akamtaja mumewe. Halafu akafumba macho.

"Na Cephas," akasema. "Cephas wuod Nyasuguta, mtoto wa Nyasuguta, aliyepiga gitaa kuku wakaacha mtama wakasikiliza. Walinificha siku ya kumzika. Ningejua, ningelala juu ya lile kaburi wakose pa kutia udongo."

Miaka thelathini na minne alikuwa akinisifu, lakini hakuwahi kunisifu hivyo. Mbele kulikuwa na wanawake wanalia. Nikaendelea kupiga. Ningefanya nini?

Tuliposhuka alinishika mkono.

"Umepiga vizuri, baba. Kama yeye kabisa. Ni yeye alikufundisha?"

"Ndiyo, ni yeye."

"Aliteseka?"

"Hapana," nikamwambia. "Hakuteseka."

Willis alidhani ni mchezo tuliopanga. Alikuja akicheka, akanipiga bega.

"Wazee nyinyi ni moto! Hiyo ya kuzika mzee akiwa hapo hapo imebamba watu. Lazima airudie Migori."

Sikumwambia ukweli. Phelesia alibaki kwenye bendi, na si hilo nililoliomba?

Basi akanizika Migori, akanizika Rongo, akanizika Kosele mbele ya watu wanaonijua tangu utotoni, nao wakashika mbavu kwa kicheko. Nyumbani kwake nilikuwa fundi wa gitaa asiyemjua, ananipa chai na kuniuliza natoka wapi. Naona haya kulisema, lakini nilianza kuusubiri ule mkono uinuke. Hapo tu ndipo nilipokuwa bado mtu wake.

Mwezi uliopita tulirudi Migori. Akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Akamtaja Maroa. Akamtaja mumewe. Halafu kimya. Nilirudia kipande changu cha gitaa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Watu walikuwa wameinua simu zao wakingoja ile sehemu wanayoipenda. Nikamsogelea.

"Cephas," nikamnong'onezea sikioni. "Wuod Nyasuguta."

Akanigeukia, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, uwanja mzima ukamsikia.

"Huyo simjui," alisema. "Nipe mwingine."