Uvimbe Chini ya Kitambaa

Sogeeni karibu, wajukuu, na mwenye redio aizime kidogo.

Juzi nilimsindikiza jirani yangu wa Kamenu, mwanamke mzee, hadi kliniki. Yeye na binti yake walimpeleka mjukuu mchanga wa kike kutobolewa masikio kabla ya ubatizo.

Nesi alishika sindano, kisha akaona sikio la binti. Nyuma yake uvimbe ulining'inia, mkubwa kama njugu.

"Huu uvimbe ulipata wapi?"

"Nilipotobolewa nikiwa shule. Nilidhani ni heleni za bei rahisi."

"Hilo ni kovu lililokua kupita kidonda. Si kansa, wala haliambukizi, lakini hufuata familia. Kuna mwingine kwenu?"

"Hakuna."

Cucu, nyanya wa mtoto, akafungua kitambaa cha kichwa polepole. Masikio yake yote mawili yalikuwa yamevimba.

"Maitu, mama yangu, miaka yote hii?" binti akauliza.

"Niliona haya. Walisema nimelogwa."

Nesi akaweka sindano chini. "Sikatazi, lakini huyu pia anaweza kuota uvimbe kama huu. Na ukilikata kovu tu, mara nyingi hurudi kubwa zaidi."

"Watu watamwita kijana," cucu akasema.

"Wacha wamwite." Binti alikuwa tayari anamfunga mtoto mgongoni. "Masikio yake hayaguswi."

Sisi wamama tunajua kuficha. Tunawaficha watoto hata habari za miili yao.

Cucu ameshagawa mali yake angali hai. Mwanawe wa kiume amepata ploti ya kujenga huko Murera, binti cherehani. Mtoto amepata jina la cucu na labda ngozi yake, ila yeye, tofauti na mama yake, ameipata pamoja na onyo.